Kufufua kiti cha mninga kilichotupwa nje ya geti

Mwisho wa mwezi ndio mavuno yetu tunaookota. Watu wanahama, kirikuu imejaa, na kile kiti kinachoyumba kinaachwa pembeni ya geti. Hata watu wa vyuma chakavu hawakitaki, maana hakina chuma. Muulize mlinzi kwanza kama kweli kimetupwa, mwachie hela ya soda, ndipo ubebe.

Naeleza hapa kiti cha mezani cha mbao ngumu. Ukikiweza hicho, stuli na meza ndogo hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Kikague palepale

Kipindue. Chini ya kikalio mara nyingi fundi hakupaka kitu, kwa hiyo mbao yenyewe inaonekana. Kwaruza kidogo kwa ufunguo: mninga ni wa kahawia yenye wekundu na michirizi iliyokolea, mvule huanza na umanjano na hukolea kadiri unavyozeeka. Ukikuta ni chipubodi iliyovimba kwa maji, achana nayo. Ile haina dawa.

Ukiona vitobo vidogo vya duara, gonga mguu juu ya karatasi nyeusi. Unga mweupe ukidondoka, bungua huenda bado wamo. Mara nyingi wamo kwenye ule ukanda mweupe wa pembeni wa mbao, kwa kuwa kiini cha mninga hakiwapendezi. Ukanda ukiwa mwembamba na mguu mzima, tia dawa ya wadudu wa mbao kwenye vitobo kwa bomba la sindano, ukiwa umevaa glavu. Mguu ukibonyea kwa kidole, kiache hapo hapo.

Kisha kunguni. Tazama kwenye mishono ya sponji na matundu ya misumari. Vidoti vyeusi ni kinyesi chao. Sponji na kitambaa cha zamani vyote vitoke nje, hata kama vinaonekana safi, na nyufa zote zimwagiwe maji yanayochemka kabla kiti hakijavuka mlango wako.

Hatua ya 2: Kibomoe chote

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia msumari. Kiti kinayumba kwa sababu gundi imekufa, si kwa sababu misumari ni michache. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Msumari haubadiliki, kwa hiyo unapanua tundu lake kila mwaka, na siku mtu mzito akiegemea nyuma, ulimi, yaani ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, unapasuka. Ng'oa misumari yote iliyoongezwa na waliokutangulia.

Bandika vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kila mguu na uandike: mbele kushoto, nyuma kulia. Miguu inafanana ikiwa mkononi, ila matundu yake hayafanani. Gonga viungo taratibu kwa nyundo ya mpira. Kiungo kikigoma, dondoshea siki ya moto kwenye ufa, kipe muda, rudia.

Ulimi ukishatoka, kwangua gundi ya zamani kwa patasi mpaka mbao ionekane. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Huko ndiko kazi nyingi za haraka zinakofia. Sasa jaribu kuunga bila gundi. Ulimi unaotumbukia wenyewe umelegea: chukua utepe mwembamba wa randa wa mbao ileile, uugundishe ubavuni mwa ulimi, ukikauka uupunguze kwa msasa. Unatafuta ulimi unaoingia kwa kusukumwa na mkono, ukimaliziwa na kigongo chepesi. Ukidai nyundo nzito, utapasua mguu.

Paka gundi nyeupe ya mbao ulimini na tunduni, unga, kisha funga kiti kizima kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli iliyovutwa sawasawa. Klempu nzuri ni ghali, na tyubu inakaza pembe ambazo klempu inateleza. Kabla gundi haijashika, pima kona hadi kona ya fremu. Vipimo viwili visipolingana, kiti kimekaa mshazari, kisukume. Kisimamishe sakafuni, hakikisha miguu yote minne inagusa. Gundi iliyochuruzika ifute kwa kitambaa chenye maji, la sivyo vanishi itakataa pale na kuacha baka jeupe. Usikiguse mpaka kesho yake.

Hatua ya 3: Msasa

Anza na namba 80, kisha 120, malizia na 180, kila mara ukifuata nyuzi za mbao. Vaa barakoa; vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua. Kiti kikiwa na rangi ya mafuta ya zamani, tumia msasa wa maji na watoto wakae mbali, kwani rangi za kale huenda zina madini ya risasi.

Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Wekundu wa mninga unaibuka palepale, na mikwaruzo iliyobaki inajitokeza nayo. Irudie hiyo sasa.

Hatua ya 4: Vanishi

Vanishi ya mafuta ipunguze kwa tapentaini. Laka na sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) ndizo za thina. Usizichanganye. Koti la kwanza liwe jepesi, msasa 240, kisha makoti mawili. Masika laka hufanya ukungu mweupe kwa unyevu, basi subiri siku kavu. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya mbao usivirundike, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianike vikiwa vimetandazwa.

Hatua ya 5: Kikalio na miguu

Plaiwudi, sponji ngumu, kitambaa cha makochi. Kitenge kinapendeza ila kwenye kiti cha kila siku kinachanika mapema.

Miguu ndiyo husahaulika. Maji ya kudekia hupanda kupitia nyuzi zilizokatwa chini ya mguu, na kiungo kinaanza kuoza kwa huko. Loweshea vanishi ncha za miguu mpaka zikatae kunywa, zikikauka gundisha vipande vya soli ya kandambili kuukuu vilivyokatwa kidogo kuliko mguu, visionekane.