Namna ya Kutunza Kovu Tangu Jeraha Likiwa Bichi

Katika kazi yangu ya kusafisha na kufunga vidonda, swali ninaloulizwa mara nyingi ni dawa ya kuondoa kovu, na karibu kila mara huulizwa kovu likiwa limekwisha komaa. Kovu hujengwa kwa miezi, na kila kipindi kina matunzo yake, kwa hiyo ni vyema kwanza kuelewa linavyojengeka.

Mkwaruzo wa juujuu hupona bila kuacha alama ya kudumu. Jeraha likifika tabaka la ndani la ngozi, mwili hutia kiraka: damu huganda, chembechembe nyeupe za damu hufika kupambana na vijidudu, kisha seli nyingine huanza kujaza pengo kwa nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Katika ngozi ambayo haijaumia, nyuzi hizo zimepishana kama ukili wa mkeka; katika kovu nyingi hulala zikielekea upande mmoja, bila vinyweleo wala tezi za jasho kati yake, na ndiyo sababu kovu hung'aa na halioti nywele.

Hatua ya kwanza: kidonda kikiwa wazi. Kioshe kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni isiyo kali uitumie pembeni. Usikimiminie spiriti kila siku, kwa kuwa huunguza pia seli changa zinazokiziba. Paka mafuta ya mgando kwa wembamba, funika kwa bandeji safi, na uibadilishe kila siku au inapolowa. Najua wengi wamefundishwa kuacha kidonda wazi kikauke, lakini kidonda kikavu hufunga kigaga kigumu, na ngozi mpya hulazimika kujipenyeza chini yake taratibu. Ukibandua kigaga ukaona vitone vya damu, ujue umeng'oa ngozi iliyokuwa imeanza kuota. Usaha, harufu mbaya, homa au wekundu unaozidi kutambaa ni mambo ya kumpelekea daktari mara moja.

Hatua ya pili: kidonda kikishafunga. Nyuzi za mshono usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na sehemu nyingi nyingine za mwili baada ya siku 10 hadi 14, ila usidhani kwamba ngozi imeshika. Katika wiki ya 3 kovu huwa na takriban asilimia 20 tu ya uimara wa ngozi ya kawaida, na hata likikomaa hufikia asilimia 80 hivi. Epuka kulivuta kwa mazoezi mazito au kunyanyua mizigo mpaka aliyekutibu akuruhusu.

Hatua ya tatu: silikoni na kukanda. Kati ya vitu vinavyopakwa au kubandikwa, silikoni, kitu laini kinachonyumbuka kama mpira, ndiyo ninayoiamini zaidi. Karatasi yake hubandikwa juu ya ngozi iliyofunga kabisa kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 2 hadi 3 angalau. Vitamini E, pamoja na sifa zake zote, haijathibitika kusaidia na huwawasha baadhi ya watu. Kukanda kunaweza kuanza wiki 2 au 3 baada ya kidonda kufunga: weka ncha ya kidole penye kovu, bonyeza hadi ngozi isogee pamoja na kidole badala ya kidole kuteleza juu yake, kisha zungusha polepole kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku.

Hatua ya nne: jua. Funika kovu kwa nguo au mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 (SPF 30) au zaidi kwa mwaka mzima, kwani kovu changa likichomwa na jua hubaki na weusi usiotoka upesi.

Hatua ya tano: kulifuatilia. Kila mwezi lipige picha kando ya rula, katika mwanga uleule. Kovu lililovimba lakini likabaki ndani ya mipaka ya jeraha mara nyingi hunywea lenyewe. Likivuka mipaka hiyo, hasa kifuani, begani au kwenye ndewe ya sikio, huenda ni keloidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Usikubali ikatwe tu bila tiba nyingine ya kuandamana nayo, kama vile sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa sababu ikikatwa peke yake mara nyingi hurudi, pengine ikiwa kubwa zaidi. Mpelekee daktari wa ngozi picha zako zote. Zitamwonyesha imekua kwa kasi gani.