Seva inayosoma tu: Alpine Linux kwenye flashi mbili

Mvua za masika zikianza Tukuyu au Mbeya mjini, umeme hukatika bila taarifa, na diski iliyokuwa ikiandikwa huamka na faili zilizoharibika. Dawa ni mfumo usioandikwa kabisa wakati wa kazi.

Andika faili ya ISO (taswira nzima ya diski) ya Alpine, mfumo mdogo wa Linux, kwenye flashi ya kwanza kwa amri ya kunakili `dd`. Hakikisha jina la kifaa kwa `lsblk`, inayoorodhesha diski zote, kwanza. Ukikosea herufi moja, umefuta diski ya watu. Flashi hiyo sasa ni ya kusoma tu, hata `root`, msimamizi mkuu, hawezi kuhifadhi faili humo. Ndiyo maana unahitaji ya pili, yenye mfumo wa faili wa FAT32, ya kutunzia mipangilio.

Washa mashine, ingia kama `root`, endesha `setup-alpine`, amri ya kuuliza mipangilio. Ukiulizwa diski, jibu `none`. Mahali pa mipangilio na akiba ya vifurushi, taja flashi ya pili. Mfumo wote utakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika.

Wengi hukwama hapa: kila badiliko hupotea ukizima, mpaka uandike `lbu commit -d`, amri ya Alpine ya kuhifadhi mabadiliko kwenye flashi ya pili. Tena kwa kawaida `lbu` hutunza `/etc`, folda ya mipangilio, tu. Folda nyingine iongeze kwa `lbu include`. `lbu status` huonyesha mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa.

Hifadhidata usiiweke kwenye RAM. Ipe diski yake, uitaje ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka. Diski hiyo huandikwa, kwa hiyo bado inataka UPS, betri ya akiba.