Jioni moja Iringa: agiza kuku kwanza

Mgeni akishuka stendi akaniuliza jioni yake Iringa aitumieje, namjibu: kuku kwanza. Sisemi ale. Aagize.

Kuku wa kienyeji wa huku si wa haraka. Anachemshwa, anachemshwa tena, ndipo akaangwe au abanikwe; saa moja na nusu inakatika meno bado hayajamwingia. Kwa hiyo kwenye saa kumi na nusu pitia mgahawani, mwone kuku mwenyewe, lipa nusu, acha namba ya simu, ondoka zako. Mfaransa mmoja niliyemtembeza, mtu wa Beaune, mji wa mvinyo kule Burgundy, alicheka sana. Kwao, alisema, jiko la jioni halipokei oda mpaka karibu saa moja na nusu usiku, ndiyo maana watu hutangulia madukani, wakapitia glasi moja baa, kisha meza. Basi na sisi ni hivyohivyo, ila kuku wetu ameshaanza kazi.

Sasa nenda Soko Kuu kabla jua halijazama, maana kikapu hakinunuliwi kwa taa ya simu. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani marefu ya kusukia, na wasukaji wengi ni akina mama wa Kihehe. Kigeuze uone kitako: kikikaa mezani bila kuyumba, msukaji alikuwa na subira. Vuta mpini. Kinuse pia, milulu mipya ina harufu ya majani na ukijani kidogo, ambao baadaye hugeuka kahawia. Bei jadili, lakini usimkamue mama wa watu kwa shilingi mia tano. Na kama hukuja na sweta, pitia mitumba sasa hivi. Mji uko juu ya mita 1,500, na baridi ya Juni haijui kwamba umetoka Dar.

Halafu kilabuni, kwenye ulanzi. Huu ni utomvu wa mwanzi: mgema hukata ncha ya chipukizi, anatega mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia, kisha anarudi asubuhi na jioni kukata kidogo tena ili uendelee kutiririka. Ni kinywaji cha msimu wa mvua. Kiangazi ukikosa, chukua mvinyo wa Dodoma, hutajuta sana. Ukiingia sema "Kamwene", watakuitikia, na nafasi kwenye benchi itapatikana. Omba mtogwa, ule mtamu wa leo, wenye povu jepesi. Mkangafu ni uliokwisha kukomaa. Huo waachie wazee, nao watakuambia wenyewe kwa nini, wakipata nafasi ya kusimama.

Ukitaka kubeba, usikaze kifuniko. Ulanzi haulali, unaendelea kuchacha njiani. Mwaka juzi nilimfungia shemeji lita tatu kwenye dumu, nikalikaza kwa nguvu zangu zote nikijiona fundi. Basi likashuka mteremko wa Kitonga, joto likapanda, na kabla ya Ruaha Mbuyuni dumu likapasuka juu ya kitenge cha mama aliyekaa naye. Shemeji alinipigia simu hapohapo. Salamu hazikuwepo. Nilimlipa yule mama kitenge, na hadi leo shemeji akija ananiita "Bwana Dumu" mbele ya watoto.

Lita moja kwa watu wawili inatosha. Saa mbili rudi kwa kuku wako, na safari hii usiende kwa miguu kama hujui mitaa, bajaji zipo. Agiza ugali, mboga za majani, ndimu na pilipili pembeni. Mchuzi uombe kwenye bakuli lake, maana huo waliomchemshia ndio utamu wenyewe. Ila kabla hujanawa, angalia sahani: firigisi ipo? Kuku ulimwona akiwa mzima, kwa hiyo alikuwa nayo. Kama haipo, uliza kwa upole. Jikoni wanajua iliko.