Somo la moyo kwa mwaka wa kwanza huanzia buchani

Nafundisha anatomia na fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi, na somo la moyo siligawi mafungu mawili, maumbile leo na kazi yake wiki ijayo. Mwanafunzi akiwa bado ameushika moyo, hapo hapo aulizwe unafanyaje kazi.

Moyo wa mbuzi unatosha. Wa ng'ombe mara nyingi huja umeshachanwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta tegu wachanga. Mwagize mwenye bucha mapema, umsisitize aache mishipa mirefu; pasipo kipande cha aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, zoezi la maji halipo. Wa nguruwe nauacha, maana nataka kila mkono darasani uingie kazini.

Kwanza wauminye: upande mgumu ndio kushoto. Hilo huwaokoa wengi, kwa kuwa moyo ukikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Kisha wamimine maji ndani ya aota. Vali, yaani mlango unaopitisha damu upande mmoja tu, itajifunga na maji yatasimama. Waambie waangalie vizuri: hakuna msuli uliovuta vali hiyo, imefungwa na shinikizo la maji tu.

Kabla ya kisu, kila mmoja aandike ukuta upi ni mnene, na kwa nini. Wengi huandika kwamba kushoto husukuma damu nyingi zaidi. Usiwasahihishe. Wakate ventrikali zote mbili, vyumba vya chini vinavyosukuma damu nje ya moyo, kwa upana, waone ukuta wa kushoto ulivyo mnene mara tatu hivi kuliko wa kulia, ndipo uulize: hiyo damu ya ziada inatoka wapi? Watanyamaza. Vumilia kimya hicho, ndicho kinachofundisha. Wakishagundua kwamba kiasi ni kilekile pande zote, wape tarakimu za shinikizo la damu kwa binadamu: ventrikali ya kulia hufikia milimita 25 hivi za zebaki, ya kushoto 120.

Halafu wapimane mapigo. Mapigo 70 kwa dakika, kila pigo mililita 70, ni karibu lita 5. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika nne.

Kwenye mtihani usiulize majina ya vyumba vinne. Mimi huuliza kuhusu mgonjwa watakayemkuta wodini: mama aliyeugua homa ya rumatiki utotoni, vali yake ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, imebana njia ya damu. Kwa nini anakosa pumzi akilala chali, na miguu bado haijavimba? Anayeifuata damu kurudi nyuma, toka vali hadi atriamu ya kushoto (chumba cha juu) hadi mapafuni, apate maksi zote hata kama amekosea tahajia ya mitrali.