Kumpima mtoto mdogo anavyouhisi uzito wa zoezi

Muulize mtoto wa miaka sita "umechoka?" Atakujibu "hapana" huku anahema mdomo wazi, kwa kuwa anaogopa utamtoa mchezoni. Swali hilo liache.

Hatua ya 1: Chagua kipimo cha watoto. Kile cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambapo mtu hutaja namba kati ya 6 na 20 kadiri anavyouhisi uzito wa zoezi, kilitungwa kwa watu wazima: zidisha namba kwa 10, unakaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa mtoto hesabu hiyo haikai, maana moyo wake hupiga haraka zaidi. Halafu mtoto gani huanza kuhesabu kwenye 6? Mimi hutumia kipimo kiitwacho OMNI, chenye namba 0 hadi 10 na picha za mtoto akipanda kilima kwa baiskeli.

Hatua ya 2: Mfundishe kwa mwili wake. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo kazi yenyewe. Keti naye mkiwa mmetulia, mwonyeshe picha ya chini: "Unavyojisikia sasa ndivyo anavyojisikia huyu." Kisha mpe mbio fupi za kwenda na kurudi hadi atwete na miguu iwe mizito: "Na huyu wa kileleni anajisikia hivi." Ukiruka hapo, atachagua picha inayompendeza. Nilikuwa na binti aliyegusa 10 kila nikimuuliza, hata akiwa anafunga kamba za viatu. Kumbe alidhani ni maksi.

Hatua ya 3: Uliza zoezi likiendelea. Watoto hurudisha pumzi upesi. Ukisubiri apumzike, utapima mapumziko. Shika karatasi usawa wa macho yake, aguse kwa kidole: "Sasa hivi wewe ni yupi hapa?" Usikunje uso wala kutabasamu. Na wenzake wasisikie, la sivyo wa kwanza akisema 3, darasa zima ni 3.

Hatua ya 4: Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, andika kando ya namba yake. Akigusa 2 huku anahema hata hawezi kumaliza sentensi, mimi naamini pumzi na kupunguza kasi papo hapo.

Kwa walio chini ya miaka minane majibu huyumba sana. Hao mimi huwapa picha tatu tu badala ya OMNI nzima: aliyetulia, anayehema, na aliyeishiwa nguvu.