Riwaya ya nyakati mbili: anza na hesabu, barua zisahau

Nimehariri miswada mingi ya vita na siri za ukoo, na karibu kila mmoja una sanduku la bibi lenye barua ndani. Kama unaandika vita vya 1914–1918 huku kwetu, hiyo barua ifute. Bibi wengi wa bara wakati ule hawakuwahi kushika kalamu. Walichotuachia ni tarehe za mdomo: "huyu alizaliwa wakati wa njaa."

Basi tumia hizo. Chukua askari wa Kisukuma wa jeshi la Wajerumani, mkewe anakaa Mpwapwa. Julai 1916 Waingereza wanaingia Dodoma, Wajerumani wanarudi kusini, naye yumo. Novemba 1917 anavuka Ruvuma na kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Wanajisalimisha Abercorn, leo Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Nyuma Ugogo kuna njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Mtoto wa nyumba hiyo alizaliwa katikati ya 1918. Siri umeshaipata, na hakuna aliyeandika neno.

Ila usimfanye mke wa Mpwapwa peke yake kuwa mwenye la kuficha. Kombania zile zilifuatwa na wanawake, watoto mgongoni, sufuria kichwani. Mmoja wao alimpikia askari wako hadi Abercorn. Huyo ndiye mhusika ninayempenda. Waandishi humruka, sijui kwa nini.

Wakati wa pili uwe 1964. Mwaka huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao, na wazee wakaitwa Mwanza. Ili alipwe, mzee lazima aeleze alikuwa wapi na lini. Mjukuu aliyemsindikiza anasikiliza, anahesabu vidole, anaufikiria umri wa baba yake.

Sura za 1964 ziwe fupi. Msomaji aijue siri kabla ya mjukuu. Raha ipo katika kumngojea afike.

Halafu yale madogo yanayoumbua: kabla ya vita ni rupia, 1964 ni shilingi. Na nchi usiiite Tanzania kabla ya Oktoba mwaka huo, hata mhusika awe mwanasiasa.