Mashine ya Kuoka Mkate Nyumbani: Nani Ainunue Nairobi, na Aitumieje

Mwezi wa Juni mwaka 2024, mji mzima ulikuwa ukizungumzia pendekezo la kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kabla pendekezo hilo halijaondolewa kwenye Mswada wa Fedha mimi nilikuwa nimekwisha kutoa shilingi 12,000 kununua mashine ya kuoka mkate, ile inayokanda, kuumua na kuoka yenyewe ndani ya chombo kimoja. Kodi haikuja, mashine ikabaki. Nimeitumia tangu wakati huo, na kila jirani anayekutana na harufu yake kwenye ngazi za ghorofa huniuliza swali lile lile: je, inafaa? Jibu langu ni kwamba inamfaa mtu asiye na oveni, asiyependa au asiyeweza kukanda, na ambaye nyumba yake humaliza walau mikate mikubwa mitatu kwa wiki. Anayeitafuta kwa sababu ya unafuu wa bei peke yake ni bora apige hesabu kwanza, na ndipo nami nitakapoanzia.

Chukua mkate mmoja wa gramu 500 za unga. Dukani kwetu nilinunua paketi ya kilo 2 ya unga wa ngano kwa shilingi 160, kwa hiyo unga wa mkate huo ni shilingi 40. Hamira, sukari, chumvi na mafuta huongeza shilingi 20 hivi. Kuhusu umeme, mashine nyingi za nyumbani zina nguvu ya wati 500 hadi 700, lakini kipashamoto hakiwaki muda wote, kwani katika saa tatu na nusu za kazi zaidi ya saa mbili huenda kwenye kukanda na kusubiri donge liumuke. Mkate mmoja basi hula kati ya theluthi na nusu ya uniti. Ukitaka kujua bei halisi ya uniti yako, fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni na ugawanye pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Mimi nilipata shilingi 28, na hivyo umeme wa mkate, kwa makadirio ya juu, ni shilingi 14. Jumla inakaribia shilingi 75. Mkate unaotoka una uzito wa gramu 780 hivi, yaani karibu sawa na mikate miwili ya gramu 400 ambayo dukani ningeilipia shilingi 130.

Nimeokoa shilingi 55. Ukigawanya 12,000 kwa 55 unapata mikate 218. Nyumba inayooka mara tatu kwa wiki itakuwa imerudisha gharama ya mashine baada ya wiki 73, karibu mwaka mmoja na miezi mitano. Inayooka Jumapili peke yake itangoja zaidi ya miaka minne, na sina hakika kwamba mashine ya bei hiyo itaishi miaka minne. Hapo sijahesabu mikate iliyoharibika, ambayo mwezi wangu wa kwanza ilikuwa minne. Weka bei za duka lako mahali pa zangu, kisha uamue.

Kuna faida ambazo hesabu hiyo haizioni. Mkate wa madukani ni mtamu kuliko ninavyopenda, na nyumbani sukari ni ile niliyoitia mwenyewe. Tena nyumba nyingi za kupanga hapa mjini zina jiko la gesi la meko mawili na hakuna oveni wala nafasi ya kuiweka, ilhali mashine hii hukaa kwenye kona ya meza na kuhitaji soketi moja tu. Kwa mwenye oveni anayefurahia kukanda, hata hivyo, sioni sababu ya kuinunua.

Kabla ya kutoa pesa, jifanyie jaribio la mwezi mmoja. Kanda kwa mkono na uoke mkate mmoja kila wiki kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta na kufunikwa, juu ya jiko la makaa, na makaa machache yenye moto yakiwa juu ya kifuniko pia. Ikiwa baada ya mikate minne watu wa nyumbani wanauliza wa tano utakuwa lini, mashine itapata kazi. Ikiwa mkate wa pili ulikauka mezani bila kuguswa, umejiokolea maelfu kwa gharama ya unga kidogo.

Ukiamua kununua, tazama kwanza sahani ndogo ya maelezo nyuma au chini ya mashine. Umeme wetu ni wa volti 240, na mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka bila transfoma inayoimudu utasikia mlio mmoja na kuona moshi. Kisha uliza kama ina kumbukumbu ya kukatika kwa umeme, maana zipo zinazoendelea pale zilipoachia umeme ukirudi ndani ya dakika 10 au 15, na zipo zinazoanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mji wetu, hilo lina uzito kwangu kuliko idadi ya programu. Mashine yangu ina programu 15 na natumia tatu.

Jambo la mwisho la kuuliza ni vipuri. Ndani ya mashine mna chombo cha kuokea chenye mkono mdogo wa kukandia uliochomekwa kwenye mhimili unaozunguka, na chini ya mhimili huo mna mpira unaozuia maji kuvuja. Vitu vinavyokufa kwanza ni mpira huo, mkanda unaozungusha mhimili, na utando usioshika donge ambao hukwanguka mtu akitumia kisu. Mpira wangu ulipoanza kuvuja, nilizunguka Luthuli Avenue asubuhi nzima, hadi fundi mmoja akaipindua mashine, akatikisa kichwa na kuniambia, "Ndugu yangu, injini ni nzima kabisa, lakini huu mpira utautoa wapi?" Hatimaye alinikatia mwingine kutoka kwa kipuri cha blenda, na unafanya kazi hadi leo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha chombo cha akiba au mkono wa akiba anakuuzia kitu ambacho hana mpango wa kukiona tena.

Sasa nije kwenye kutumia, na hasa jambo lililoniharibia ile mikate minne. Kijitabu kinachokuja na mashine huwa kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na maji ya chai hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu ya gesi inayotolewa na hamira hupanuka kwa urahisi zaidi, na donge huumuka upesi kabla gluteni, ule utando wa unga unaoyashikilia mapovu hayo, haijapata nguvu. Mpishi anayekanda kwa mkono huliona hilo na kuwahi kuingiza mkate motoni. Mashine haina macho, ina saa tu. Dakika zake za kuumua zisipokwisha haiwashi moto, na donge lililokwisha kufika kileleni hungoja hapo likizidi kujaa hewa, kisha joto likiingia linavimba mara ya mwisho na kuporomoka. Mkate wangu wa kwanza ulitoka na bonde katikati ambalo lingeweza kushika kikombe cha chai, na nikalaumu unga bure.

Dawa yake ni kupunguza hamira. Anza kwa kupunguza robo ya kipimo cha kijitabu, na ukiona bonde bado lipo, fika theluthi au upite kidogo. Kwa gramu 500 za unga mweupe wa kawaida, mimi hutia maji mililita 330, mafuta ya kupikia vijiko vitano vya chai, sukari vijiko vitano vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na hamira ya chengachenga nyembamba, ile isiyohitaji kuloweshwa, kijiko kimoja na robo cha chai badala ya viwili vilivyoandikwa. Chumvi usiipunguze ovyo, kwa kuwa ndiyo inayoizuia hamira isikimbie. Maji yawe ya bomba, yasiwe ya uvuguvugu, kwani kukanda kwenyewe hupasha donge joto. Mwezi wa Julai, jikoni kunapokuwa na baridi ya kuvaa sweta, narudisha robo kijiko cha hamira. Februari naiondoa tena.

Tia vitu vya majimaji kwanza, chumvi na sukari zifuate, unga ufunike maji yote, na hamira ikae juu kabisa kwenye kishimo kidogo ulichochimba kwa kidole. Mpango huo una umuhimu mkubwa unapotega saa usiku ili mkate uwe tayari alfajiri, kwa sababu hamira ikigusana na maji saa nne za usiku itakuwa imemaliza nguvu kabla mashine haijaanza kukanda. Maziwa mabichi na mayai usiyategee saa kabisa. Tumia mizani ya jikoni ukiweza, maana kikombe cha unga uliogandamizwa na kikombe cha unga uliochekechwa havina uzito mmoja. Unga uliotiwa baking poda tayari haufai hapa, na wa atta, ule wa rangi ya kahawia, uchanganye nusu kwa nusu na mweupe mpaka uuzoee, ukiongeza vijiko viwili vya maji.

Dakika kumi baada ya kukanda kuanza, fungua kifuniko utazame. Hii ndiyo dakika ambayo mwenye mashine ana kazi, na wengi huiruka kwa kuamini kwamba wamenunua kitu kinachojifanyia kila jambo. Unachotaka kuona ni donge moja laini linalozunguka pamoja na mkono wa kukandia, limeachana na kuta za chombo, huku chini likigusa kidogo na kuacha mkia mfupi unaonata. Ukiligusa kwa kidole, liwe kama ncha ya sikio, na kidole kitoke karibu kikavu. Likiwa uji, ongeza unga kijiko kimoja, ngoja dakika mbili, tazama tena. Likigonga kuta kwa sauti kama jiwe kwenye debe, ongeza maji kijiko kimoja cha chai. Unga hubadilika paketi kwa paketi, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje na nyingine hutoka Narok na Uasin Gishu. Kipimo cha maji cha wiki jana hakikuapii chochote wiki hii. Moto ukishawaka, usifungue tena.

Stima ikipotea, kinachofuata hutegemea hatua iliyofikiwa. Ikipotea wakati wa kukanda, malizia kwa mkono. Ikipotea wakati donge linaumuka, usilitikise. Lihamishie polepole kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, likirudi kimo chake lifunike na kulioka kwa makaa kama nilivyoeleza, au juu ya gesi ya moto mdogo kabisa, sufuria ikikaa ndani ya nyingine kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu. Ikipotea mkate ukiwa katikati ya kuiva, acha kifuniko kimefungwa kwa nusu saa, kwa sababu chombo kina joto la kutosha kuendelea kwa muda. Mmoja wangu uliokatikiwa hivyo nilikuja kuukata slesi na kuzikausha kwenye kikaango, watoto wakadhani nimetengeneza kitu kipya.

Mkate ukiiva, utoe chomboni ndani ya dakika tano, usije ukaloa kwa mvuke wake, na uutazame chini, kwani mara nyingi mkono wa kukandia hubaki ndani yake. Nimewahi kuukuta kwenye slesi ya mgeni. Subiri saa nzima kabla ya kukata, na utumie kisu chenye meno. Kwa kuwa hauna dawa ya kuzuia ukungu, utakaa siku mbili au tatu kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi. Usiuweke kwenye sehemu ya kawaida ya friji, ambayo huufanya uwe mgumu upesi zaidi kuliko mezani. Kata slesi na kuzigandisha kwenye friza, kisha utoe mbili mbili asubuhi.

Programu ninayoithamini kuliko zote haioki kitu. Ni ile ya kukanda na kuumua peke yake, inayochukua saa moja na nusu hivi, na kwangu imekuwa ya mahamri. Jumamosi jioni natia tui zito la nazi mahali pa maji, sukari, iliki iliyotwangwa, unga na hamira kidogo, nabonyeza kitufe na kwenda kuoga. Nikirudi, donge limejaa chombo, limekandwa kwa namna ambayo mikono yangu haijawahi kuwa na subira nayo. Ila uzito wa tui la nazi hubadilikabadilika, tofauti na maji, kwa hiyo ile dakika ya kumi ya kufungua kifuniko ni ya lazima zaidi hapa, na donge la mahamri liwe gumu kidogo kuliko la mkate, la sivyo litanata kwenye kibao unapolisukuma.